Mshale Niliuona

Mwaka wa pili, kwenye mtihani wa termodinamiki, nilichora vizuri tu jinsi AC inavyofanya kazi: kompresa, kondensa, vali ya kutanua, evaporeta. Nikapata B+. Likizo ileile nikaunguza injini ya gari la mzee.

Gari lenyewe ni taksi. Ndilo linalolisha nyumba na kujazia ada pale mkopo unapoishia. Baba alikuwa anaumwa mgongo, akanipa funguo. "Endesha wewe wiki hii, ila uangalie maji."

Tangu siku ya kwanza AC ilikuwa na vituko. Barabara ikiwa nyeupe, ubaridi safi. Tukikwama kwenye foleni Ubungo, inapuliza joto na abiria wananuna. Nikajua gesi imeisha. Nikaenda kujaza, hela ya siku nzima ikaishia hapo, na hali ikabaki vilevile.

Siku ya tatu jioni, Kimara, foleni haisogei. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Niliuona. Lakini nilikuwa na abiria wa Mbezi na nauli nzuri, nikasema nikimshusha nitalipumzisha. Sikufika. Mvuke ulitoka kwenye boneti, gari likazima katikati ya barabara.

Fundi akafungua mfuniko wa oili. Ndani kuna ute wa rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya silinda hedi imekwenda." Kisha akaunganisha feni ya rejeta moja kwa moja na betri. Kimya. "Mota imekufa hii. AC ilikuwa inapoza ukikimbia tu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa dogo, si ilikuwa inakwambia?"

Nikatamani ardhi ipasuke. AC haitengenezi baridi, inatoa joto ndani na kulitupa nje kupitia kondensa, ambayo imekaa mbele ya rejeta. Gari likikimbia, upepo unazipoza zote mbili. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Feni ikifa, AC inalalamika kwanza, injini inafuata. Yote hayo nilikuwa nayajua, kwenye karatasi.

Hedi ilikuwa imepinda, ikapelekwa kuchongwa. Gasketi mpya, oili mpya, mota ya feni. Wiki mbili gari liko gereji na mama akakopa kwenye kikoba. Nyumbani nilisema limezima ghafla tu. Siku ya nne nikashindwa kula, nikamwambia baba kwamba mshale niliuona.

"Gari halichemki ghafla," alisema. "Nina miaka mingi kwenye usukani." Hakuongeza neno, na afadhali angenifokea.

Basi wenzangu mnaoendesha magari ya nyumbani: AC ikipoza mkikimbia na kupuliza joto mkisimama, msikimbilie gesi. Washeni AC gari likiwa limesimama, msikilize kama feni inazunguka. Mshale ukipanda, weka gari pembeni, zima AC, zima injini, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe, utaungua. Abiria atapata gari lingine.

Mimi jioni nafundisha tuisheni ya fizikia. Deni la kikoba bado halijaisha.