Hatua Ishirini

Mwaka 1986, nikiwa masomoni California, nilivuka mpaka pamoja na Mtanzania mwenzangu kwenda kupanda Picacho del Diablo, mlima mrefu kuliko yote katika rasi ya Baja California, nchini Meksiko. Urefu wake wapita mita 3,000. Mashariki yake ni jangwa tupu hadi Ghuba ya California.

Mlima huo una ajabu yake. Ukitokea magharibi, penye misonobari, kilele unakiona mbele yako, lakini huna budi kwanza kushuka korongo refu ndipo uanze kupanda upya. Tulilala korongoni, kando ya kijito. Kulipopambazuka tukaanza kuparamia majabali.

Ilipotimu saa sita mchana, kilele kikiwa karibu, mwenzangu aliketi. Midomo ilikuwa imempasuka, na maji yetu yalibaki nusu chupa.

"Nenda tu, kaka," alisema. "Mimi nitakungoja."

Nakiri kwamba nilikwenda. Nilipiga hatua kama ishirini, kisha nikageuka. Alikuwa amelala kifudifudi juani. Nikarudi, tukagawana maji, tukashuka polepole. Kijitoni tulifika jua limekwisha kuzama.

Baadaye nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kila mwaka nilipowaaga walimu wapya niliwauliza swali moja: mtoto wa mwisho darasani mmemwacha wapi? Hawakujua kuwa swali hilo nilianza kujiuliza mwenyewe, kwa sababu ya zile hatua ishirini.