Uvimbe Usioua

Kiswahili hakina uchache wa majina ya vitu viotavyo juu ya mwili wa binadamu. Kina chunjua, kina jipu, kina rovu la shingoni, kina tezi na kina kovu. Juu ya hayo yote limeketi neno moja pana, uvimbe, ambalo halisemi kama kitu chenyewe ni cha amani au cha vita. Daktari wa Arusha alitamkapo neno hilo mbele ya mgonjwa aliyeshuka kutoka Akheri au Ilboru, yeye hufikiri juu ya donge la mafuta. Mgonjwa hufikiri juu ya sanda. Akiongeza kusema kwamba ni uvimbe usio saratani, bado hajamtuliza sana. Jina la kukanusha lina udhaifu wake: mtu akiambiwa kwamba kivuli kile kichakani si simba, la kwanza aonalo moyoni ni simba.

Na lichukuliwe donge la mafuta, ambalo waganga wa hospitali huliita lipoma. Huota chini ya ngozi ya bega, ya mgongo au ya shingo. Ni laini, husogea chini ya kidole, wala aghalabu haliumi. Kutouma huko ndiko asili ya ukubwa wake. Katika mitelemko ya Meru kahawa haingoji, ndizi hazingoji, na nauli ya kwenda mjini haitolewi kwa ajili ya kitu kisichouma. Basi lililokuwa kama yai huwa kama chungwa, na lililokuwa kama chungwa huwa kama papai. Wapasuaji huiita lipoma kubwa mno ikifika upana wa sentimita 10 au uzito wa gramu 1,000. Lakini mwenye nayo alikwisha kuiona kubwa mno zamani, tangu siku alipoanza kuifunika kwa khanga wakati wa joto. Huacha kwaya, huacha kwenda sokoni Tengeru, hukaa upande wa kivuli katika harusi. Yafaa kukumbuka hapa kwamba kisichoua si sawa na kisichodhuru.

Uvimbe wa namna hii una tabia nyingine, nayo huwasumbua watafiti kuliko ukubwa wake. Mwaka 2011 habari za Samunge, kijiji cha Loliondo katika mkoa huu wa Arusha, zilienea Afrika Mashariki nzima. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, aliwanywesha wagonjwa kikombe kimoja cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Magari yalipita Arusha mchana na usiku, misururu ikawa ya kilomita nyingi, na wako waliofia njiani. Watu walikwenda na kisukari, na UKIMWI, na saratani. Na katika umati wa namna ile hawakosi waliokwenda na uvimbe tu, bila ya kujua ni uvimbe gani. Hapana haja ya kumhukumu mzee aliyefariki mwaka 2021. Haja ni kutazama hesabu. Mwenye uvimbe usioua akinywa kikombe, hafi. Mwaka hupita, yu hai, analima. Naye kwa unyofu wa moyo hushuhudia kwamba amepona saratani. Hakuwa na saratani. Hakuna aliyesema uongo hapo. Kilichokosekana ni hadubini.

Basi lipoma ni shahidi mwema wa kila tabibu, awe stadi au asiwe. Keloidi hufanya kinyume. Hiyo ni kovu lisilojua mpaka wake: jeraha hupona, lakini nyama ya kovu huendelea kukua hata ikapita kando za jeraha lenyewe. Huota penye tundu la hereni, penye chunusi ya kifuani, hata begani palipochanjwa chanjo ya kifua kikuu. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa vijana, na mara nyingine huonekana kwamba imerithiwa. Waarusha na Wamasai walitoboa na kupanua ndewe za masikio vizazi kwa vizazi. Ndewe za wengi zilinyoshwa zikapona bila ya taabu, na hilo ni ukumbusho kwamba jeraha peke yake si sababu ya kutosha.

Mwaka 1806 daktari Mfaransa, Jean-Louis Alibert, aliueleza uvimbe huu akaupa jina lenye maana ya kitu kifananacho na saratani. Miaka kama kumi baadaye alilitupa jina hilo ili watu wasichanganye viwili hivyo, akatunga jingine kwa neno la Kiyunani la gando la kaa. Msomaji wa Kiarabu atatabasamu, kwa kuwa saratani nayo maana yake ni kaa: jina lilitoka kwa mnyama mzima likahamia kwenye mkono wake. Keloidi haiui. Lakini ikikatwa kwa kisu tu, bila ya sindano za steroidi au mionzi baadaye, mara nyingi hurudi, na pengine hurudi kubwa kuliko kwanza. Msichana aliyepasuliwa na mkono hodari huona sikio limevimba tena, akamtangaza mpasuaji kuwa hajui kazi. Uvimbe mmoja humsifu asiyestahili, mwingine humshutumu asiye na hatia.

Kwa sababu hiyo macho hayatoshi. Kipande kilichokatwa hutiwa katika formalini, na mara nyingi hakina budi kusafiri mpaka kwa mtaalamu wa patholojia, kama katika hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Baada ya hapo huja kazi ya kalamu, ambayo hudharauliwa bure. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alimwona mwaka 1957 mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili. Huo ulikuwa saratani, lakini njia yake yawafaa pia wachunguzi wa vivimbe vya amani: aliziandikia hospitali, akatuma picha, na mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili maili kama 10,000 kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, akiuliza tu nani ameuona na wapi. Ndipo ilipodhihirika kwamba ugonjwa ule haukupatikana kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Daftari la hospitali ya wilaya laweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa udogo wake: tarehe, kipimo, mahali, jibu la hadubini. Safu ngumu kujazwa ni ya mwisho, ya hali ya mgonjwa baada ya mwaka mmoja. Mwenye lipoma harudi kwa kuwa amepona. Mwenye keloidi harudi kwa kuwa imerudi, naye amekata tamaa. Nafasi mbili tupu hufanana. Hutosha nambari ya simu ya mtoto wake au ya jirani, iandikwe siku ya kutoa nyuzi, na mtu wa kuipiga.