Tai, Tumbusi na Mwewe: Kumjua Ndege kwa Mabawa Yake



Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, watoto wetu wa hapa Sulay huanza kuuliza swali moja: "Babu, ndege gani yule?" Huwaona asubuhi jua likishapanda, juu ya maghala na maegesho ya malori, wakubwa na weusi, wakizunguka bila kupiga bawa hata mara moja. Wazazi wengi hujibu "tai", na mazungumzo huishia hapo. Jibu hilo halitoshi. Nitaeleza kwa nini halitoshi, na namna mtu asiye na darubini ya bei kubwa anavyoweza kupata lililo bora.

Kwanza, lugha yetu haina upungufu katika jambo hili. Tunao tai, tumbusi, mwewe, kipanga, kozi, pungu na furukombe. Mtoto aliyekulia Pwani alimjua mwewe kabla ya kuijua alifu, kwa sababu mwewe alikuwa adui wa vifaranga vya bibi, na kila alipotokea angani uani palikuwa na kelele. Hapa hatuna vifaranga wala ua, na majina yale tumeyaacha bandarini. Matokeo yake "tai" limekuwa kapu la kutilia kila chenye mdomo wa kupinda. Wenyeji wetu nao wana kapu lao: mtaani utasikia kila ndege mkubwa akiitwa nasr au saqr, ilhali katika Kiarabu cha wanachuoni nasr ni tumbusi, uqab ndiye tai, saqr ni yule anayefugwa kwa kuwindia, na hidaa ni mwewe. Huyu wa mwisho tunamkumbuka kutoka darasani, kwani ametajwa katika hadithi maarufu ya viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo la Haram. Waliosoma zamani walijua kwamba mwewe ni mmoja na tai ni mwingine, na kwamba hukumu ya huyu si hukumu ya yule.

Sasa tuje angani. Jambo la kwanza la kutupilia mbali ni rangi. Ndege aliye mbali, mwanga ukiwa nyuma yake, ni mweusi tu, hata kama akishikwa mkononi ni wa rangi ya kahawa au ya mchanga. La pili ni ukubwa. Mbingu haina rula. Ndege wa kadiri aliye karibu na ndege mkubwa aliye mbali hulingana machoni, na hakuna anayeweza kuapa. Ukubwa una maana pale tu anapopita kando yake ndege mwingine tunayemjua, kama njiwa hapa Riyadh au kunguru kule Jeddah (na kunguru wale wa Jeddah, kwa taarifa ya wasomaji wa Unguja na Mombasa, ni walewale wenye shingo ya kijivu wanaotusumbua nyumbani). Kinachobaki ni umbo, na hasa namna ndege anavyoyashika mabawa yake anapoelea. Hilo halibadiliki kwa mwanga wala kwa umbali.

Mwewe ndiye mwepesi kuliko wote. Mtazame mkia. Una panda, nao hautulii: huupindapinda upande huu na upande huu kama nahodha anayecheza na usukani. Mabawa yake huvunjika kidogo kwenye kiwiko, na mwendo wake ni wa kulegealegea. Angalia lakini, anapoutandaza mkia wote kugeuka, ile panda hupotea, na ukingo wa mkia huonekana umenyooka. Hapo subiri. Baada ya muda mfupi ataukunja, na utamjua.

Tai hana papara hizo. Mabawa yake ni marefu na mapana karibu sawasawa tangu begani hadi mwisho, na ncha zake zimegawanyika kama vidole vya mkono uliotandazwa. Anayetufikia zaidi hapa ni yule nitakayemwita tai wa nyika, kwa kuwa huzaliwa katika nyika za Urusi, Kazakhstan na Mongolia. Anapoelea huyalaza mabawa sawa, au huziinamisha ncha kidogo kuelekea chini. Kichwa chake hutokeza mbele waziwazi, na ukibahatika kuhesabu vidole utapata saba virefu. Kijana wa aina hii ana alama moja inayoonekana hata kwa mbali: mstari mpana mweupe unaopita katikati ya bawa kwa upande wa chini, tangu mwilini hadi karibu na ncha. Wapo pia tai wengine wanaofanana naye, na wataalamu wenyewe hubishana juu yao huku wameshika darubini. Mimi sioni aibu kuandika daftarini neno "tai" na kuacha nafasi mbele yake. Kumpa ndege jina la ukoo wake kwa uhakika ni bora kuliko kumpa jina kamili kwa kubahatisha.

Tumbusi ni mkubwa zaidi, lakini kama nilivyosema, ukubwa usikudanganye. Tazama kichwa. Ni kama hana. Amekizamisha mabegani, na mkia ni mfupi mno kwa mwili wake, hivyo kwa mbali unaona mabawa matupu yanayosafiri. Tumbusi wa kahawia anayekaa katika magenge ya mlima Tuwaiq huyainua mabawa kidogo anapozunguka, kama mikono ya mtu anayeomba dua. Tumbusi mkubwa mweusi mwenye ngozi inayoning'inia masikioni, ambaye kwetu tunamjua tangu Serengeti, huyalaza kama ubao, na mkia wake umechongoka kama kabari. Huyu huzaa katika hifadhi ya Mahazat as-Sayd, iliyoanzishwa mwaka 1988 kaskazini-mashariki ya Taif, na msafiri wa barabara ya Riyadh hadi Jeddah ana nafasi njema ya kumwona akiwa si yeye anayeendesha gari.

Kwa wenzetu wa Jeddah nina neno moja tu. Yule mweupe kwa chini, mwenye mabawa yaliyopindwa kama ya shakwe, anayejitupa baharini miguu mbele na kuibuka na samaki, si tai wa maziwa yetu mwenye kichwa na kifua cheupe ambaye sauti yake husikika kila siku Naivasha na Ziwa Viktoria. Pwani yetu wengine humwita furukombe kama huyo mwingine, nami sitagombana na mtu kwa jina hilo, maadamu tunajua kwamba ni ndege wawili.

Huenda msomaji akauliza, kuna faida gani ya kujua haya kwa mtu ambaye anahangaika na iqama na ada ya shule? Nitajibu kwa kisa cha majira ya baridi yaliyopita.

Kijana mmoja wa Tanga, anayechunga mbuzi upande wa Al-Kharj, alinijia siku ya Ijumaa baada ya swala. Baada ya shikamoo na marahaba alinieleza kwamba wana watatu wa mbuzi wamekufa katika juma moja, kwamba kila asubuhi anawakuta ndege wakubwa juu ya mizoga, na kwamba kafili wake amemletea dawa ya kuulia wadudu aipake kwenye mzoga wa nne utakaopatikana. "Mwalimu," aliniambia, "mimi ndiye nitakayeipaka kwa mkono wangu." Yeye mwenyewe hakujua kama wale ni ndege wanaoua au ni ndege wanaozika. Hilo ndilo alilotaka kuniuliza.

Tulikwenda Ijumaa iliyofuata, mimi na mkwe wangu, tukakaa ndani ya gari tangu saa mbili hadi karibu na adhuhuri. Mwanzoni hapakuwa na kitu angani. Ndege wazito wa namna hii hawaamki na alfajiri. Hungoja ardhi ipate moto na hewa ianze kupanda ili wapande nayo bila kutumia nguvu. Ilipofika saa nne walianza kutokea, mmoja, wanne, kumi na mmoja. Mabawa yamelazwa sawa. Vichwa vimetokeza. Mstari mweupe chini ya bawa kwa karibu wote. Walikuwa tai wa nyika, wengi wao vijana wa mwaka uleule, na waliwapita mbuzi walio hai kana kwamba hawapo. Walichokitafuta ni takataka za shamba la jirani. Wakati wa baridi ndege huyu hutegemea sana mizoga na majaa. Ndiyo sababu mwishoni mwa mwaka 2019 watafiti walihesabu zaidi ya tai 6,000 wa aina hii kwenye jaa moja karibu na Ushaiqer, kaskazini-magharibi ya Riyadh, kundi ambalo halijapata kuonekana mahali pengi duniani.

Usiku wa siku hiyo baridi ilikuwa kali, na kijana yule, kwa ushauri wangu, alilala karibu na zizi. Kabla ya alfajiri, saa ambayo hakuna tai angani, wana wawili walikuwa wamekufa, miili yao mizima, bila jeraha. Mkwe wangu, ambaye Kiarabu chake ni bora kuliko changu, alimweleza mwenye mifugo mambo haya kwa adabu. Alimweleza pia kwamba kuua ndege mbuai nchini humu ni kosa la kisheria. Lile la tatu tuliliacha bila kulisema, nalo ni kwamba aliyepaka sumu ndiye angekuwa wa kwanza kuulizwa, na aliyepaka angekuwa mgeni asiye na wa kumsemea. Mzee yule alinyamaza kitambo, kisha akaagiza maturubai ya kuzibia upepo. Dawa aliirudisha stoo. Sijui atakavyoamua mwaka huu.

Sumu ya mzogani haichagui. Mwezi wa Juni 2019, nchini Botswana, tumbusi 537 walikufa kwa kula mizoga ya tembo iliyotiwa sumu. Kenya imepoteza simba na tumbusi kwa njia hiyohiyo, kwa dawa za wadudu za dukani. Tai wa nyika mwenyewe aliingizwa mwaka 2015 katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na licha ya sumu hufa pia kwa umeme anapotua kwenye nguzo za waya, kwani jangwani nguzo ndiyo mti wake.

Nawapenda ndege hawa kwa sababu nyingine pia, ambayo wasomaji wa jarida hili wataielewa bila maelezo marefu. Wengi wao hawaishii hapa. Hushuka hadi Yemen, na kwa kuwa juu ya bahari hewa haipandi vizuri, hutafuta mahali pembamba pa kuvukia. Mlango wa Bab-el-Mandeb una upana wa kilomita 30 hivi. Mwaka 1987, upande wa Jibuti, walihesabiwa katika majuma machache ndege mbuai zaidi ya 240,000, na kati yao tai wa nyika walipita 75,000. Kutoka hapo huteremka Ethiopia, Kenya na Tanzania, na mvua zinapofungua vichuguu, ndege huyu mwenye mabawa ya karibu mita mbili huonekana akitembea chini kwa miguu, akila kumbikumbi mmoja mmoja. Kwa hiyo tai aliyepita juu ya Sulay mwezi wa Novemba anaweza kuwa Dodoma kabla ya Krismasi, bila viza ya kutoka na kurudi.

Ada za simu lakini hakuepukana nazo. Watafiti wa Novosibirsk walikuwa wamewafunga tai kadhaa vifaa vinavyotuma ujumbe wa simu kueleza walipo. Mmoja wao, aitwaye Min, alikaa kiangazi cha mwaka 2019 Kazakhstan mahali pasipo na mtandao, ujumbe ukalimbikizana. Alipoingia Iran, ujumbe wote ulitoka kwa pamoja, kwa bei ya kutumia simu ugenini, na fedha za mradi zikamalizika. Ikabidi watu wachangishane, hata kampuni ya simu ikalegeza. Nilipomsimulia mke wangu alisema kwamba angalau yule tai alikuwa akituma habari zake, si kama wanawe.

Mwaka huu nakusudia kwenda nje ya mji Ijumaa ya kwanza ya Novemba na watoto wanaopenda. Tutaondoka saa mbili asubuhi na kurudi kabla ya swala. Kila mtoto aje na kofia, maji na daftari, na achore umbo kabla ya kuuliza jina. Wazazi wawili watahitajika kwa ajili ya magari. Tutajiepusha na kuelekeza darubini kwenye kambi, mageti na nyumba za watu. Darubini yenyewe ni moja, kwa hiyo tutapokezana, na wadogo ndio watakaoanza.