Chuga baridi kali, kabati bafuni hoi!

Ukitaja Arusha, vijana wengi wa Dar akili zinakimbilia watalii, Tanzanite na makoti mazito. Mimi, mpenzi msomaji, safari hii nimerudi na stori ya bafuni. Usicheke, kuna jasho la mtu humo ndani!

Kwanza jiografia kidogo. Arusha iko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye meta 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Mlima huo ndio bosi wa hali ya hewa. Mvua nyingi inaangukia upande wa kusini na mashariki, ndiyo maana njia ya kwenda Tengeru na Usa River ni migomba na kahawa tu. Zunguka upande wa pili, Oldonyo Sambu, ukutane na vumbi. Mlima mmoja, hewa mbili!

Nilifikia Sekei, upande wa kijani, kwa dada mmoja fundi cherehani. Dada huyu alivunja kibubu cha mwaka mzima akanunua kabati la bafuni, jeupe linalong'aa, majirani wakaja kulishangaa. Nilipolikuta mimi, miguu imevimba kama andazi na plastiki ya juu imeachia pembeni kama soli ya kiatu kikuukuu.

Nikajiuliza, Dar si ndiko kwenye unyevu zaidi? Mbona huku kabati limekwisha mapema hivi? Jibu nililipata asubuhi yake. Ilikuwa Julai, baridi ya nyuzi 12 hivi. Nani aoge maji ya bomba? Ndoo ya maji moto, mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Mvuke unapanda, unakutana na ukuta wa baridi, unageuka matone. Ukuta unalia, kioo kinalia, kabati linakunywa! Dar wengi wetu tunajimwagia maji ya baridi dirisha likiwa wazi. Mvuke utoke wapi?

Tukateremka Sanawari kwa fundi seremala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Hilo ni chipubodi, eeh?"

Chipubodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, juu yake ikabandikwa plastiki ngumu. Mzee akatuonyesha kipande kilicholowa: usoni kizima kabisa, pembeni kimefura. "Usoni kuna koti," akasema, "pembeni kuko uchi. Na kikishavimba hakirudi."

Dada akanyong'onyea. Mwaka wa kushona sare za shule ndio huo umevimba! Lakini mzee akampa moyo. Alikata miguu na ubao wa chini ulioharibika, akaacha kabati likauke siku kadhaa, akaweka ubao mwingine, kisha akapaka vanishi mara mbili kwenye kingo zote na matundu ya skrubu. Halafu akalitundika ukutani kwa vyuma, sakafu isiliguse tena. Gharama? Ya ufundi na ubao mmoja tu, siyo ya kabati jipya.

Wewe unayepanga chumba Chuga, shika haya. Kabla ya kulipa, lipindue kabati uangalie chini na nyuma. Pasipo na plastiki wala utepe, paka vanishi kabla halijaingia bafuni. Kama lina miguu, lisimamie vipande vya mpira au vigae. Linapokutana na ukuta, ziba kwa silikoni. Taulo bichi lianike nje, usilitundike mlangoni mwake. Na ukimaliza kuoga, futa matone, fungua dirisha nusu saa. Najua baridi inauma, lakini wewe si umeshavaa sweta? Kabati halina sweta.

Haya, wiki ijayo panapo majaaliwa!