Taa za Kijani

Ndugu msomaji, mimi ni kijana niliyeishia kidato cha nne. Mchana ni kibarua wa fundi wa kompyuta hapa Dar es Salaam, usiku naandika riwaya ambayo haijaisha. Daftari ni hilo hilo moja: kurasa za mbele ni riwaya, za nyuma ni mambo ya kazi. Leo nasimulia ya kurasa za nyuma.

Mwaka 2019 tulipata kazi katika ofisi moja ya mizigo kule Kurasini. Tukafunga swichi tatu kuukuu za Cisco, aina ya Catalyst 3750-X, visanduku vya kuunganishia kompyuta za ofisi. Swichi hizi ukiziunga kwa nyaya zake za nyuma, hata zikifika tisa, zinakuwa kama moja. Moja inakuwa kiongozi, zilizobaki zinafuata.

Sasa basi, leseni zake hazikuwa sawa. Moja ilikuwa na leseni kubwa, IP Services, yenye uwezo kamili wa kutafuta njia za kwenda kwenye matawi. Mbili zilikuwa na IP Base, ya chini yake. Kuzichanganya inaruhusiwa, na kundi zima hufuata uwezo wa kiongozi. Lakini kiongozi akizimika, anayeshika nafasi yake anakuja na uwezo wake mwenyewe.

Hilo nililisoma kwenye kitabu cha mashine, nikamwambia fundi, "Kaka, si bora zote ziwe sawa?"

Akacheka. "Leseni unanunua wewe? Ile kubwa ipe kipaumbele 15, funga kabati, twende zetu."

Kumi na tano ndiyo namba ya juu kabisa. Nikaiweka, nikanyamaza.

Miezi miwili baadaye tukaitwa asubuhi. Mama wa usafi alikuwa anapiga deki, mti wa deki ukagonga waya wa umeme wa swichi ya kwanza, ukachomoka. Aliurudisha, na akasema mwenyewe bila kuficha. Taa zote zilikuwa za kijani, lakini ofisi haiwasiliani na tawi lolote, karatasi hazitoki, malori yamepanga foleni nje. Meneja akasema mama ameunguza mashine. Saa tatu alikuwa ameshatolewa getini na kanga yake na mfuko wake.

Mimi nilijua haikuungua. Ilipozimika, mojawapo ya zile ndogo ilishika uongozi, njia zikapotea. Kubwa iliporudi, ilirudi kama mfuasi. Kiongozi aliyekwisha kushika nafasi hang'olewi na anayeingia, hata mwenye kipaumbele 15, mpaka yeye mwenyewe azimike, au zote zizimwe na kuwashwa kwa pamoja.

Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba tulijua tangu mwanzo. Kibarua changu kingeota nyasi. Nikashika bisibisi, nikajifanya nakagua nyaya.

Saa nane meneja akauliza bei ya swichi mpya, ili ikatwe kwenye mshahara wa mwisho wa yule mama. Fundi akatoa kalamu aandike. Hapo nikasema yote, mbele yao wote wawili. Fundi hakunitazama.

Tukazima zote, tukawasha. Nikakagua njia moja moja kutoka kwenye daftari langu. Kabla ya saa tisa malori yalianza kutoka.

Meneja alinunua leseni kubwa kwa zile mbili, na mama akaitwa kazini. Nilipokwenda kuziweka nilimkuta koridoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Zamani alikuwa anaongeza, "Chai ipo, mwanangu." Siku ile hakuongeza neno.

Ndugu msomaji, katika riwaya yangu kuna kijana shujaa anayesema kweli papo hapo. Sura ile nimeiandika upya. Sasa anasema saa nane.