Ngumi za Sebuleni

Mwaka jana daktari aliniambia presha imepanda, nipunguze uzito. Hapa Mugumu nikitoka kazini giza limeshaingia. Kukimbia barabarani siwezi. Basi bwana, mume wangu akarudi kutoka Sirari, Tarime, na Wii iliyotumika, ile mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka mwaka 2006. Nikanuna. Hela yote hiyo kwa mchezo wa watoto?

Jioni akanishawishi tucheze ngumi. Unashika vishikio viwili. Ukirusha mkono, bondia wako kwenye TV naye anarusha. Dakika 10 tu nimelowa jasho chapachapa. Nikamwangusha baba watoto, tukacheka kama enzi za uchumba. Ukweli ni kwamba siku hizi tulikuwa tunaongea ada na bili tu.

Angalizo: ukikaa kwenye kochi na kutikisa kiganja, mashine inakupa ushindi lakini mwili haupati kitu. Simama, chezesha miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo tunacheza nusu saa, siku tano. Umeme ukikatika tunaruka kamba.

Dawa sijaacha, ila presha imetulia. Na nyumba pia.