Bi harusi, sukari na meno

Hapa Mwaya nashona magauni ya harusi, na wapo mabibi harusi wanaokuja kupima wakicheka wameziba mdomo. Wenzangu hubisha: meno mabovu ni ya kurithi, sukari inasingiziwa tu.

Huko Sweden, miaka ya 1940, wagonjwa wenye ulemavu wa akili wa Vipeholm walilishwa pipi za kunata bila ridhaa yao. Waliozila kati ya mlo na mlo ndio waliooza meno zaidi. Ilikuwa dhuluma, lakini somo limebaki: bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi, na kila ukidokoa jino hushambuliwa upya.

Basi halua ile pamoja na chakula, usidokoe kutwa. Mswaki ni sunna, ongeza dawa ya meno yenye floraidi. Allah awape tabasamu lisilofichwa, amin.